Mlinzi wa Ndoo
Juzi nilikuwa kwenye bomba la maji, kambi moja ya wakimbizi huku Kibondo, naandika juu ya haki huku machozi yananilengalenga. Mama mmoja Mrundi akanitazama, akasogeza ndoo yake miguuni pangu.

“Baba mwandishi, ukimaliza kulia nilindie zamu. Maharage yangu yataungua.”

Hajafika mbali, jamaa mmoja akachomeka dumu lake mbele yetu. Kalamu ikaniponyoka.

“Bwana we, rudi nyuma! Sisi tuko hapa tangu alfajiri!”

Mimi, niliyefika saa nne kwa gari!

Jamaa akarudi nyuma. Mama aliporudi na kunikuta bado nafoka kwa hasira, akaiokota kalamu matopeni, akaifuta kwa kitenge chake, akanikabidhi.

“Haya, sasa andika.”