Zamu ya Festo

Leo nimempa mtu habari ya msiba wa miaka saba iliyopita.

Nimeingia dukani kwa Kasimu, hapa Sumbawanga mjini. Tulisoma naye shule ya msingi, tukapotezana wazazi wangu walipohamishiwa kijiji cha Ujamaa. Baadaye maisha yakanipeleka mbali.

Tulikuwa watatu: Kasimu, mimi na kaka yangu Festo. Mchezo wetu ulikuwa wa hadithi. Kasimu anasimulia safari, sisi tunasema watu wetu wa hadithini wanafanya nini, kisha dadu inaamua kama wamefaulu.

(Vijana, msidhani nyie ndio mmeuanzisha!)

Mchezoni Festo alikuwa mhunzi. Mimi mwindaji, tena mwoga.

Kasimu akanitazama, akanitazama tena.

"Deo?"

Tumekumbatiana, tumecheka. Halafu akaingia chumba cha nyuma, akatoka na daftari lililochakaa. Majina ya watu wetu yamo, mpaka majeraha yao.

"Mlihama katikati ya safari," akasema. "Zamu ilikuwa ya Festo. Mlete Jumapili tuendelee."

Jamani, ikabidi nimwambie.

"Kasimu, Festo alishafariki."

Akalifunga daftari taratibu, akaketi juu ya gunia la ulezi.

"Miaka yote nilikuwa namwonea huruma mhunzi wake," akasema. "Nilimwacha porini peke yake."

Mteja akaja kuuliza sukari.

"Tumefunga, mama," Kasimu akamwambia. "Tuna msiba."

Mliomfahamu Festo, andikeni hapa chini mnachokumbuka. Kesho nitamsomea Kasimu.