Vigingi vya Bluu vya Bibi Marsiana

Nianze na kosa langu, maana la Bibi Marsiana kila mtu analijua. Siku ile ya mkutano mimi nilikuwa miongoni mwa waliompigia kelele akae chini. Na nilipiga kelele kuliko wengi, kwa sababu sauti ninayo.

Naitwa Paulina, fundi cherehani. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka bondeni katika Mtaa wa Mpingoni, hapa Ifakara. Ya kwanza ni ya Bibi Marsiana. Kuwa wa kwanza kwetu si sifa: mto Lumemo ukifurika, maji humbishia hodi yeye kabla ya sisi wengine.

Alizaliwa Mngeta, kwenye mpunga, akaletwa huku na mumewe Dionisi, aliyekuwa kibarua wa pantoni kule kivukoni kabla daraja halijajengwa. Dionisi alipofariki, shemeji zake walikuja kumshauri arudi kwao, nyumba waiangalie wao. Aliwapikia wali kwa kambale, wakala wakashiba, akawasindikiza hadi stendi, akarudi nyumbani kwake akafunga mlango. Hawakuja tena na ushauri.

Kazi yake ni kuanika mpunga wa watu. Mpunga mbichi ukiupeleka mashineni unatoka chenga, na uliokauka kupita kiasi unatoka chenga vilevile. Katikati hapo kuna muda mfupi tu, na muda huo anaujua yeye. Hupita juu ya turubai akiburuta miguu kuugeuza, akaokota punje moja, akaing'ata kwa meno ya kushoto, maana ya kulia yamekwisha. "Bado," anasema, na wenye magari wanasubiri. Tajiri mmoja aliwahi kumwambia kwamba ana haraka, anatakiwa Morogoro jioni. Akamjibu, "Haraka yako haikaushi mpunga, mwanangu. Kaa kivulini." Yule tajiri alikaa.

Nyumba yake ya zamani, ya udongo, iliondoka na maji. Alilala darasani siku kumi na moja, na alichookoa ni sufuria mbili na picha ya Dionisi. Hii ya matofali aliijenga kwa miaka sita, kwa hizo punje za watu. Kwa hiyo barabara mpya ilipotajwa, yeye hakuuliza itakuwa na lami au taa. Aliuliza maji yatapita wapi.

Watu wa mradi walikuwa wanaiita barabara ya mkusanyo, yaani inayopokea magari kutoka vichochoroni na kuyafikisha barabara kuu. Tuliililia kwa miaka. Masika bodaboda walikuwa hawaingii mtaani kwetu hata kwa nauli mara mbili, na mjamzito alibebwa kitandani hadi kwenye lami. Mwezi wa nne, maji yakiwa bado yamesimama, akaja injinia wa mradi, binti anayeitwa Anifa, amevaa gambuti. Akaomba mtu wa kumwonyesha. Bibi Marsiana akapandisha kanga hadi magotini, wakazunguka wote. Njia ya barabara ikawekewa vigingi vyekundu. Pale maji yalipokuwa yanakatiza, sehemu tatu, wakachomeka vigingi vya bluu. Hapo ndipo makaravati yangekaa, yale mabomba makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara.

Ukafika mwezi wa sita, mavuno. Sasa, mgeni hawezi kujua hili: bonde letu lile lile linalojaa maji masika, likikauka ndilo uwanja wetu wa kuanikia. Ni tambarare, hakuna kivuli, jua linapiga kutwa. Na vigingi vya bluu vilikuwa katikati yake. Turubai halitandikwi juu ya kigingi, litatoboka. Bibi Marsiana akaving'oa. Alijua kwamba akiviacha chini vitaishia jikoni kwa mtu, kuni ni kuni, kwa hiyo akavichomeka kwa mstari kule mwinukoni, mbele ya duka la Yunusi, ili Yunusi avilinde mpaka mavuno yaishe. Mimi nilimwona. Wanawake wote tuliokuwa na mpunga pale tulimwona, na turubai langu mwenyewe lilikaa juu ya shimo la kigingi cha pili.

Mwezi wa nane akaitwa Mngeta, dada yake anaumwa. Akiwa huko, wakaja wapimaji wa kampuni iliyopewa kazi ya kuchora. Walishuka na mashine zao, wakapima kila kigingi pale kilipo, wakanunua soda kwa Yunusi, ambaye siku hiyo alikuwa na wateja wengi hata akasahau kuwaambia habari za vigingi, wakaondoka.

Mkutano ulikuwa Novemba. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Sylvester, aliutundika mchoro kwenye ukuta wa ofisi kama picha ya harusi. Anifa, aliyeupokea mchoro asubuhi hiyo hiyo, akatueleza: fedha za mradi zinagombewa na miji mingi, mchoro unatakiwa ufike Ijumaa ukiwa na mihuri yote, na ukirudishwa tutasubiri zamu nyingine. Tukapiga makofi. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Bibi Marsiana akainuka, akausogelea mchoro mpaka pua ikakaribia kuugusa.

"Haya matatu yaliyobanana hapa ni nini?"

"Makaravati, bibi," Anifa akasema.

"Mbele ya duka la Yunusi? Huko maji hayajafika tangu niolewe."

Niliona taya lake la kushoto likitafuna bila kitu. Akatugeukia.

"Mimi ndiye niliyeving'oa," akasema. "Nikavihamisha. Nikasahau kuvirudisha. Barabara hii itainuliwa juu ya tuta, na maji ya bondeni hayana pa kutokea."

Sylvester akasimama haraka. "Mama, kaa kwanza. Haya tutayazungumza ofisini."

"Ofisini kuna maji?"

Hapo ndipo tulipolipuka. Mimi nilipanda juu ya benchi. "Bibi, kaa chini! Unataka tukose barabara kwa ajili ya vijiti?"

Hakunikasirikia, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alinitazama akasema, "Barabara bila karavati ni ukuta, Paulina. Tutajengewa ukuta, sisi tukiwa upande wa maji. Cherehani yako utaiweka wapi?"

Nikazidisha kelele.

Anifa alisubiri tuchoke. Kisha akasema kuna njia moja. Ikiandikwa kwamba vigingi vilihamishwa baada ya kuwekwa, mchoro unaweza kusahihishwa, ila safari hii fedha zitatupita. Na lazima aliyevihamisha atajwe kwa jina, aweke dole gumba. Kuhamisha alama za upimaji ni kosa la jinai.

"Andika," Bibi Marsiana akasema. "Marsiana, mjane wa Dionisi. Andika vizuri, isije ikasomeka ni mtu mwingine."

Anifa akaandika, akamsogezea karatasi na kidau cha wino. Bibi akaficha mkono ndani ya kanga.

"Ongeza. Andika kwamba waliokuja kupima walikuta vigingi vya makaravati matatu vimejipanga kilimani na hawakumuuliza mtu hata mmoja."

"Hiyo haihitajiki, bibi."

"Basi na dole gumba langu halihitajiki. Kosa langu nalibeba, sikatai. La kwao sitawabebea."

Sylvester alishika kichwa. Anifa akavuta karatasi, akaandika ile sentensi ya pili. Bibi Marsiana akaomba asomewe. Aliposomewa mara mbili, akatia dole.

Fedha zikatupita kweli. Mahakama ya mwanzo ikampa adhabu ya kufagia ofisi ya kata kwa wiki sita, naye akafagia akiwa amevaa kanga yake ya kanisani. Na sisi tukampa ya kwetu. Hatukukaa kikao wala hatukuambizana, lakini mtaa mzima ukaacha kumwamkia. Unajua maana yake hapa kwetu, mtu wa umri ule kupita na wadogo wakatazama pembeni. Masika ile tope lilikuwa la magotini, na kila aliyeteleza alimtaja. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa kwenye cherehani anapopita, najifanya natunga uzi. Yeye alipita vilevile, katikati ya njia, hakuzunguka nyuma ya nyumba hata siku moja.

Zamu yetu ikaja mwaka uliofuata. Greda likaingia mwezi wa saba. Tuta likapanda hadi usawa wa madirisha yangu, na hapo tu ndipo nilipoelewa alichokuwa anasema. Makaravati matatu yakakaa bondeni. Siku zote za kuchimba, Bibi Marsiana alisimama juu ya kila shimo mpaka bomba likalala, na fundi mmoja alipomwambia asogee, alimwambia asogee yeye.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Lumemo ukafurika. Mvua ilinyesha siku nne. Asubuhi ya tano nilifungua mlango nikiwa nimeshavua viatu, kwa mazoea. Kizingiti kilikuwa kikavu. Cherehani ilikuwa palepale sakafuni, sikuwa nimeipandisha juu ya meza. Nikatoka hadi barabarani. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanaingia karavati la pili kwa kishindo na kutokea upande wa pili, yanakwenda zake mashambani.

Bibi Marsiana alikuwa amesimama juu yake na fimbo ndefu, anasukuma majani yasizibe mdomo wa bomba. Nilikuwa na aibu. Nikamsogelea.

"Shikamoo, bibi."

Hakugeuka. Alimaliza kwanza kutoa tawi lililokuwa limekwama.

"Hiyo ni ya leo," akasema. "Anza na zile za Novemba, mwaka juzi."

Nilidhani anatania. Akaegemea fimbo yake, akanisubiri, na watu walikuwa wameshaanza kutoka majumbani. Basi nikasimama pale juu ya barabara yetu, nikamwamkia tena, na tena, machozi yananitoka, na kila moja aliipokea.

"Marahaba," alisema. "Endelea."