Koku Kakataa Kitenge

Jamani, leo nimeenda Bugene kumwona Koku wangu bwenini, na nimepigwa na kitu kizito.

Koku mnamjua, kitindamimba wangu, yule anayeongoza darasa. (Sijisifu, waulizeni walimu.)

Tangu azaliwe huyo hajui kulala bila kunishika sikio. Alipoanza kidato cha kwanza nikampa kitenge changu, nimekivaa na sijakifua, akikumbatie apate usingizi.

Leo nikambebea kingine, maana nilijua cha kwanza harufu yangu imeshaisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, ona nilichokuletea!" Nikakitoa kwa madaha, wazazi wote wanatazama.

Akaniangalia kwa huruma. Kwa huruma, jamani!

"Mama, siku hizi nalala tu mwenyewe. Kile nilimpa Anitha, mwenzangu wa bwenini. Alikuwa analia kila usiku, na yeye hana mama."

Waitu! Mtoto mwenye roho kama hiyo nimemzaa mimi, nani mwingine? Kitenge nikakirudisha mkobani taratibu.

Kurudi Nyabiyonza nimelia kwenye bodaboda mpaka dereva akasimama.

"Pole mama. Kuna msiba?"

"Hapana baba. Mtoto wangu analala vizuri."

Mimi ndiye nisiyelala tangu aondoke. Maziwa ya moto nimekunywa, rozari nimesali mpaka mwisho, macho makavu.

Nyie mliopeleka wa mwisho bweni, mnalalaje?