Shuka za Haboba Chini ya Jebel

"Mzee, unatafuta mawe au unatafuta mke?" Wanawake wanaopasua kokoto pale kwenye kilima cha Jebel walicheka, nyundo mikononi. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori asubuhi ile, baada ya miaka mingi ya kuzurura hadi Mombasa. Nikawaambia natafuta makaburi.

"Hapa hakuna kaburi. Hapa kuna kokoto."

Ndugu yangu, mlio wa nyundo zile ndio ulionilea. Haboba, ndivyo tulivyomwita bibi, alipasua mawe hapo hapo. Mimi nilichota maji na kusonga asida, ugali wetu wa mtama, vumbi la mawe likituingia mpaka kwenye mchuzi wa bamia. Jioni alidarizi shuka, maua mekundu na tausi, akimwekea mwanawe wa mwisho, mjomba wangu, kwa siku ya harusi. Mjomba alikuwa msituni na waasi.

Kisha ndege ya jeshi la serikali ikaanguka nyuma ya kilima. Wanajeshi wakaja, wakachukua bunduki na redio, wakasema maiti watazirudia. Hawakurudi. Jua likafanya kazi yake, tukawa tunakula tumeziba pua.

Haboba akatoa shuka sandukuni. Jirani yetu, ambaye dada yake aliuawa na bomu, alimzuia njiani. "Wewe mama, una wazimu? Hawa ndio wanaotumaliza! Waache mbwa wale."

"Na wangu huko msituni, binti yangu, nani atamfunika?"

Akampita. Mwenye duka, Mwislamu, alituonyesha kibla, upande wa kuwaelekeza nyuso wafu wa dini yake. Mwishowe jirani yule yule alikuja na jembe, akachimba huku akiwatukana marehemu. Juu ya makaburi tulipanga mawe makubwa. "Ukizika mwana wa mwenzio," Haboba alikuwa akisema, "wako hatalala nje."

Amani ilikuja, mjomba hakuja. Hakuna aliyetuambia alipoangukia. Haboba alimngoja mlangoni mpaka akafa, tukamzika katika blanketi la kuazima, maana shuka zake zote zilikuwa chini ya kilima.

Na sasa mawe yale ya makaburi yamepasuliwa kokoto, yamo ndani ya kuta za nyumba mpya za mtaa wa Gudele. Nimlaumu nani? Wenye nyundo wana watoto wa kulisha. Najiambia labda huko msituni yuko mama aliyemfunika mjomba, akampangia mawe juu. Lakini nchi nzima inajenga, na hata huko mawe yana mnunuzi.