Siku Mukaka Alipomvua Komanda Viatu

Wakati wa vita nilikuwa muuguzi, infirmière kama tunavyosema, pale Butembo, na mgonjwa aliyenipa kazi kuliko wote alikuwa mjane mmoja mzee, zamani muuza maharagwe sokoni. Wajukuu walimwita mukaka, yaani bibi, nami nikafuata. Ugonjwa wake wa sukari haukutulia hata kidogo: asubuhi sukari imepanda, anakunywa maji hayaishi, adhuhuri imeshuka, anatetemeka na kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Umeme hakuna, kwa hiyo dawa yake ya sindano tuliiweka ndani ya chungu chenye mchanga wenye majimaji, na chungu kile alikilinda kuliko vitenge vyake.

Dawa ilipokaribia kwisha, tukapanda kamio, lori la mafuta ya mawese, kwenda kwa daktari mjini Beni, mimi na yeye mbele na dereva. Nilikuwa nimemdunga alfajiri. Alikunywa uji kidogo tu, akasema tumbo analiachia mkate wa njiani. Mkate ulikuwa kwenye kikapu pamoja na sukari niliyoifunga kwenye karatasi, ya kumwokoa akizidiwa. Kwenye barrière ya kwanza, kizuizi cha barabarani, askari walikagua kikapu vizuri sana. Mkate na sukari havikurudi.

Kwenye barrière ya pili tulikaa. Komanda, mtu mnene mwenye viatu vya matope, alikuwa kwenye kiti chini ya hema, anakunywa sucré yake, soda tamu ya chupa, polepole. Nikaona jasho linamtiririka mukaka, na mahali penyewe ni baridi. Nikamuuliza jina la mjukuu wake mkubwa. Akanitajia mbuzi wake.

Kabla sijamshika, alishateremka na kwenda moja kwa moja hadi kwa komanda.

“Weye, toa ile viatu. Mu nyumba yangu mutu haingiake na matope.”

Komanda akageuka kuitafuta nyumba. Kulikuwa na njia, kamba ya barrière, na mikaratusi.

“Nyumba gani, mama?”

“Tena unanijibu? Baba yako akirudi nitamuambia. Toa.”

Sijui kilichomwingia. Labda kwao kulikuwa na mama mwenye sauti kama ile. Akainama, akafungua kamba za viatu, akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kimechungulia nje. Askari wake wote wakaanza kuangalia mawingu.

Nikawafikia mbio. “Mukubwa, huyu mama ni mugonjwa, sukari imeisha mu damu. Niko naomba hiyo sucré yako.”

Akaikumbatia chupa. “Mama muganga, hapa ni siye ndiyo tunaombaka. Hakuna mutu alisha kutuomba kitu.”

“Akianguka, sitaweza tena kumunywesha, itamupalia. Ni sasa tu, wakati angali anameza.”

Akamtazama mukaka, ambaye sasa alikuwa anamwamuru askari mmoja afagie. Akatoa chupa. Tukamkalisha mgonjwa kwenye kiti cha komanda, nikamnywesha kidogo kidogo, nikihakikisha kila tone limeshuka. Komanda mwenyewe alichuchumaa pembeni na soksi zake, ameshika kifuniko cha chupa kwa mikono miwili kama mtumishi wa misa.

Jasho likakauka. Macho yakatulia. Mukaka akaangalia bunduki, akaangalia komanda, kisha akaninong'oneza kwa sauti ambayo wote waliisikia: “Huyu maskini, mbona anatembea bila viatu mu baridi hii? Mumupatie kitu.”

Komanda akavaa.

Nikawaeleza kwamba sucré peke yake haikai mwilini, ni lazima ale. Wakatupakulia maharagwe na ndizi kutoka sufuria yao. Mukaka akala yote, akasema chumvi haitoshi. Kamba ya barrière ilipokuwa inashushwa, komanda akanivuta pembeni: yeye pia anasikiaka kiu sana, je, si ndiyo ile sukari? Nikamwambia apite hospitali wampime, na sucré apunguze.

Daktari wa Beni alipunguza kipimo cha dawa, akaweka sheria: hakuna sindano mpaka chakula kiwe tayari mbele ya mgonjwa. Mukaka aliipenda sheria hiyo kupita kiasi. Nikifika na sindano yangu, anafunua sahani kwanza, anaichungulia, anarudisha mkono ndani ya kitenge.

“Daktari alisema chakula,” ananiambia. “Hii ni sombe, majani ya muhogo tu. Nyama iko wapi?”