Mahonda Haimo Kwenye Waranti

Ami yangu ana jina lake zuri tu alopewa na wazee wake, Mbarouk, lakini ukifika Malindi ukamuulizia Mbarouk watu watakutumbulia macho. Ulizia Mahonda. Hapo hata muuza urojo atakunyooshea upawa: "Yule pale kwenye kigoda, anailinda gari yake isije ikachukuliwa na upepo."

Jina hilo alilipata zamani, binti yake Riyama bado wa kubebwa. Ami alikuwa na gari ya mtumba, ilitoka Japani ishakula chumvi nyingi, ikaja na kikohozi chake. Siku moja akajitia kumsaidia jirani kumpeleka biharusi Mkokotoni. Kufika Mahonda, gari ikazima. Si ile ya kupiga stata ikarudi. Hii ilizima ya kusomewa yasini. Biharusi wa watu, na wanja wake na asmini zake, akashushwa juani, na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari ndo kwanza wanatoka zamu. Wakasimama wanamtazama huku wanatafuna miwa, kama wamekatiwa tiketi. Mwisho akapandishwa lori la miwa, akafika ukweni ananata. Mama yule sasa ana watoto wakubwa, na mpaka leo akipishana na Ami Darajani huvuta buibui lake kama kaona paka aliyekufa.

Tangu siku hiyo Ami hagusi juisi ya muwa. Na mie Ahmada, mtoto wa kaka'ke, nauza nini pale Forodhani? Juisi ya muwa. Nna mashine yangu mwenyewe, naitia ndimu na tangawizi, wazungu wanapiga foleni. Ami hata bure haitaki. Ndo ukoo huo nlozaliwa.

Basi miaka mingi akawa anaendesha gari za watu, kupeleka wageni mahotelini, mpaka akajaaliwa kununua yake. Wenzake wote wanaagiza mtumba, yeye akataka mpya, ilotoka kiwandani na nailoni zake. Nikamuuliza, Ami, mpya ya nini? Akanitazama kwa huruma, kama mie ndo nlozima Mahonda.

"Ina waranti," akasema. "Ikiharibika wanatengeneza wenyewe. We unajua waranti, Ahmada? Nnalala usingizi."

Usingizi wa nini, yakhe! Nyumba yake iko Kiponda, uchochoro ambao hata punda akiingia na mzigo inabidi mtu urudi kinyumenyume. Gari haifiki, inalala Malindi. Basi kila baada ya sala Ami anakwenda kuiangalia, na asiposali anakwenda vilevile. Zile nailoni za viti hakuzitoa. Zaidi ya miaka miwili wageni wanakalia nailoni, wakishuka mapaja yamewaganda, yeye anawaambia, "Welcome Zanzibar." Akifika kwenye tuta anasimama kwanza, kama anabisha hodi.

Tukafiwa Makunduchi. Ami akasema gari haendi nayo, nyumba ya maiti iko ndani, njia ya mawe, na waranti haitaki mawe. Tukapanda nyuma ya lori, mie na Shangazi Mwanapili, dada yake Ami, mwili wake mkubwa na mdomo wake mkubwa zaidi. Njia nzima ananiambia, "Kaka'angu kaoa gari, Ahmada. Kidawa ni mke wa pili." Bi Kidawa, mkewe Ami, alikuwa kakaa palepale ubavuni mwetu. Hakubisha.

Sasa Mungu naye ana mipango yake. Mji huu una vijana wamejaa, wazuri kwa wabaya, Riyama kaenda kumpenda nani? Suhail. Wa wapi? Mkokotoni! Na kwenda Mkokotoni unapita wapi?

Siku walipokuja kuposa Ami alitabasamu vizuri tu. Ila Riyama alisema neno moja mbele ya wote, na huyu mtoto hana maneno mengi. "Baba, mie sitaki ukumbi wala keki ya ghorofa. Nataka unipeleke wewe, kwa gari yetu. Skuli nzima nimeitwa mtoto wa Mahonda. Nataka nipite Mahonda gari inanguruma, watu waone."

"Inshallah," Ami akasema. Na sote tunajua inshallah ya namna ile.

Lakini aliipania. Waranti ipo, wasiwasi wa nini? Mpaka simu ikaingia ujumbe wa kampuni. Sitaji jina la kampuni, wasije wakanishitaki wakachukua mashine yangu. Ami akanipa nisome, miwani anasingizia kaisahau. Mteja wetu mpendwa, tuna furaha kukujulisha kwamba machaguo ya dhamana ya nyongeza kwa magari mapya yamebadilika. Kila kampuni ikikwambia ina furaha, wewe shika mfuko.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Waranti ya gari ikikaribia kwisha, unakwenda, unaongeza, unarudi kulala. Sasa ati kuna tatu, uchague: Fedha, Dhahabu na Almasi. Utasema tunakwenda kwa sonara. Na kabla hujachagua, gari ikaguliwe, iwe katika hali ilotoka nayo dukani. Ikikataliwa, ndo basi, hakuna kuongeza tena milele. Na waranti yake ya mwanzo ilikuwa inakata roho Jumamosi. Harusi Jumapili.

Ami akasema bila kupepesa, "Bila waranti mie sipiti Mahonda."

"Lakini Ami, gari haina hata ugonjwa!"

"Na ile nyingine asubuhi yake ilikuwa na ugonjwa?"

Tukaenda ofisini kwao mie na yeye. Huko tukamkuta dada mmoja, Maisara, kajifunga mtandio vizuri, sauti ya asali. Akamwamkia Ami shikamoo, akampa na maji baridi. Ukiona unapewa maji baridi ofisini, ujue linalokuja ni la moto. Fedha, akasema, inalipia injini tu. Dhahabu inaongeza giaboksi. Almasi inalipia kila kitu.

"Kila kitu," Ami akarudia, kama anaitikia dua.

"Kila kitu, baba, isipokuwa kutu ya chumvi, mchanga, unyevu wa bahari na madhara ya mazingira ya pwani."

Hapo mie damu ikapanda. "We dada, sie tunaishi kisiwani! Mnataka mtuhamishe sie au mtaihamisha bahari?"

"Kaka, haya ni masharti ya makao makuu."

"Makao makuu waje waogelee, basi! Na ikiharibika inatengenezwa wapi?"

"Dar es Salaam. Gereji yetu ya hapa tumeifunga ili kuboresha huduma."

Kuboresha huduma! Yaani gari ipelekwe Dar kwa meli, ikapigwe mawimbi na chumvi, ifike kule tuambiwe samahani, ishaingia chumvi. Nikamwambia hata wezi wa Darajani wana haya kidogo. Ami akanikanyaga mguu, akaomba msamaha kwa niaba yangu, akataka Almasi. Maisara akasema atakuja kuikagua Jumamosi asubuhi. Ami akatoka amenyooka kama kapewa Hija.

Sasa nakuja kwenye Ijumaa. Baada ya alasiri, Shangazi Mwanapili akasema gari ya biharusi haiendi bila kufukizwa, hata iwe na Almasi ya kampuni gani. Na kweli, hilo halina mjadala, nguo inafukizwa, chumba kinafukizwa, na gari itakwenda tupu inanuka plastiki? "Tena," akasema, "hata huyo mkaguzi akiingia asikie harufu ya waungwana." Ami alikuwa msikitini bado. Bi Kidawa akatoa ufunguo. Shangazi akabeba chetezo chake cha udongo, makaa mekundu, udi mzuri wa harusi, tukaandamana mpaka Malindi. Akakiweka chini mbele ya kiti cha nyuma, akafunga milango moshi ushike vizuri. Halafu akaona shoga yake ng'ambo ya barabara.

Unajua salamu za wanawake wa mjini. Hujambo, hamjambo, mama hajambo, na yule mgonjwa, na yule mwengine. Nyuma yake nailoni ya kiti, ile ile ya miaka miwili, ilikuwa inaning'inia imekaribia makaa. Ikaanza kulia machozi meusi. Mie nlikuwa napakua miwa yangu ya Forodhani upande wa pili, nikasikia harufu, nikapiga ukelele. Shangazi akafungua mlango, moshi ukamkumbatia, akanyakua ndoo ya kwanza alokutana nayo, akamwaga.

Ilikuwa ndoo ya muosha samaki.

Ami alipofika alikuta gari yake inanuka udi, nailoni na changu. Kiti cha nyuma kina shimo la kuingia ngumi, na pembeni nailoni imeganda kama ugali wa jana. Aliingia akakaa kwenye usukani, akaushika kwa mikono yote miwili. Shangazi akajaribu: "Kaka, bora kiti kuliko macho ya watu. Hasad yote imeungulia hapo."

Jumamosi Maisara akaja na kompyuta yake ya mkononi. Akafungua mlango, akarudi nyuma hatua.

"Baba, humu ndani kulitokea nini?"

"Kulitokea heshima, mwanangu," Shangazi akamjibu.

Maisara akapiga picha shimo. Tukasubiri. Riyama naye alikuja, piko mbichi mikononi kaivisha mifuko ya plastiki, hata buibui kavalishwa na mwenzake. Kasimama pembeni, macho kwa baba'ke tu. Maisara akasema kwa ile sauti yake kwamba gari haiko katika hali ya asili, kuna madhara ya moto ulowashwa na mwenyewe, kwa hiyo Almasi haiwezekani, wala Dhahabu, wala Fedha.

Nikafungua mdomo. Nlikuwa na mengi, mengine hayaandikiki. Lakini Ami akaninyooshea kiganja, nyamaza.

"Mwanangu," akamwambia Maisara, "nikuulize kitu kimoja. Tuchukulie hiyo Almasi umenipa. Kesho nampeleka binti yangu, gari inazima Mahonda. Mnafanya nini?"

"Unapiga simu, baba. Tunatuma gari ya kuvuta."

"Kesho?"

"Kesho Jumapili, tumefunga. Jumatatu, ndani ya siku za kazi."

"Na biharusi?"

Maisara akatazama kompyuta yake. Maskini, nadhani alitafuta kweli. "Biharusi... abiria hawamo."

"Na aibu?"

"Samahani, baba?"

"Aibu. Ile ya watu kukusimamia wanatafuna miwa. Ile ya kuitwa jina mpaka uzeeni, na mtoto wako aitwe. Hiyo Almasi inalipia?"

Maisara akafunga kompyuta. Sauti ya asali ikamwisha, akajibu kama mtoto wa mtu. "Hapana, baba. Aibu haimo."

Ami akatikisa kichwa taratibu. Akafungua mlango wa mbele, akaingiza vidole chini ya nailoni ya kiti cha dereva, akaivuta. Ilichanika kwa sauti mbaya, nkakumbuka mapaja ya wale wageni. Akaenda cha pili. Riyama akaanza kucheka, halafu akawa analia, mikono kaiweka juu piko isiharibike. Shangazi akapiga kigelegele kimoja kidogo, akakikatisha, hajui kama kinafaa. Nailoni zote Ami akazikunjakunja, akanipa mie nikatupe, kama mie ndo jaa la ukoo. Maisara akamwambia, "Hongera ya harusi, baba," akaenda zake. Sikumtukana. Niwekeeni thawabu.

Jumapili tukaondoka. Juu ya lile shimo tukatandika kanga, Riyama kakalia, Bi Kidawa kulia, Shangazi kushoto, yaani watu wawili na Shangazi, ambaye peke yake ni wawili. Mie mbele na sinia la halua mapajani. Nyuma yetu gari za jamaa, honi moja kwa moja. Ami anaendesha, jasho linamtiririka na kiyoyozi kimewashwa. Bububu tukapita. Kila tukiikaribia Mahonda, mlio wa injini sote tunausikiliza kama taarifa ya mwezi muandamo.

Mahonda ikatokea. Miwa huku na huku. Na gari ikapunguza mwendo.

Ikapunguza tena. Ikasogea pembeni. Ikasimama. Ikazima.

"Yallah!" Shangazi akapiga paja. "Mahonda tena! Nlisema mie! Riyama mwanangu, shuka nikukinge jua!"

Bi Kidawa akaanza kusoma. Gari za nyuma zikafunga breki, watu wanachungulia madirishani. Mie nikageuka, nikamuona Ami ana ufunguo mkononi.

"Imekufa?" nikamuuliza.

"Haijafa. Nimeizima mwenyewe."

Akashuka. Akavuka barabara na kanzu yake nyeupe, mpaka kwa kijana mmoja anakamua muwa kwenye kimashine kibovu, hakina hata kifuniko, nzi kama wapo mkutanoni. Akaagiza glasi. Akainywa yote pale pale, kasimama, watu wanamtazama, msafara mzima wa harusi unamngoja. Akaagiza ya pili, akaja kumpa Riyama dirishani. Biharusi akanywa na rangi yake ya mdomo, akambakishia mama'ke.

Ami akarudi kwenye usukani, akapiga ufunguo. Ikawaka mara moja.

"Tamu," akasema, akafuta mdomo.

Miaka yote ile nauza juisi ya muwa Forodhani, mashine safi, ndimu, tangawizi, barafu. Kaenda kufungua swaumu yake kwa mtu asojua hata kuchuja. Mpaka Mkokotoni sikumsemesha.