Vidonge vya Daktari Ndani ya Kikopo cha Mkwewe

Umande haujakauka kwenye mahindi ya watu, na mama mmoja mwembamba anabwaga jembe chini, anakaza kanga kiunoni, kisha anakatiza shamba mbio kuelekea kwake.

“Daktari kaenda raundi!” anapaza sauti mwenzake wa palizi. “Ukirudi utibu na hilo jembe, mpini umelegea!”

Wanawake wanaangua kicheko. Naye anacheka, bila kugeuka.

Wamembatiza Daktari kwa sababu kila asubuhi huacha kibarua katikati, akamgeuze mumewe kitandani. Mume alikuwa fundi wa kuezeka. Alianguka kutoka juu ya paa miaka minne iliyopita, akavunjika uti wa mgongo. Asipogeuzwa, vidonda vinamla. Akitoka hapo, humpa mama mkwe dawa za presha. Palizi hulipwa kwa mstari, na mistari yake haitimii.

“Jembe halinichoshi,” anamwambia mwandishi aliyemtembelea. “Kinachonimaliza ni mawazo. Hata nikilala, masikio yangu yako macho.”

Mwaka huu, akiwa amempeleka mkwewe kliniki, alidondoka kwenye foleni. Muuguzi akampima: naye ana presha, tena ya kutisha. Akapewa vidonge. Nyumbani hakufungua mdomo.

“Mume wangu angejua, angesusa dawa zake. Alishawahi kuzitema, ati tunalisha maiti.”

Basi akavitia vidonge vyake ndani ya kikopo cha mkwewe. Nani angeuliza? Dawa za bibi ni za bibi. Vyeupe vya bibi, vya njano vyake.

Siku moja akachelewa shambani. Bibi, ambaye hapendi kusumbua mtu, akajihudumia: akameza rangi zote mbili, mara mbili. Walimkuta sakafuni, kando ya mtungi. Alipona, ila hasimami tena bila kushikwa.

“Ni macho yangu haya, mwanangu,” bibi anasema, akimpapasa mkono mkaza mwanawe. “Yamenidhalilisha uzeeni.”

Daktari anainama, anajifanya anamfunga kanga.

Tangu siku hiyo hajameza kidonge chake hata kimoja. Alivitupa vyote chooni. Muuguzi alipojua, alimjia juu: “Dada, ukianguka wewe, nyumba nzima imeanguka!”

Jumapili ijayo mashemeji na wifi watakuja kumjulia hali mama yao. Nje, nyuma ya jiko, Daktari anamshushia sauti mwandishi. Amepania kusema yote mbele yao.

“Nitaanza na mama, nimwombe radhi. Macho yake hayana kosa. Halafu nimwombe wifi awe anakuja kumgeuza kaka yake, nami nirudi kliniki. Watanitukana. Watukane. Wakishachoka kutukana, mmoja wao anisaidie.”

Kutoka chumbani mumewe anauliza anaongea na nani muda wote huo.

“Wageni tu, baba,” anajibu, akifuta uso. “Tunalalamikia mvua.”